Mtambo wa maji nyumbani ni amana, si pambo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila aliyeifuata njia yao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mara nyingi tunakumbushana juu ya amana: amana ya mali ya yatima, amana ya ndoa, amana ya malezi. Leo napenda tukumbushane juu ya amana ambayo ni nadra kutajwa mimbarini, nayo ni glasi ya maji anayokunywa mtoto wako akirejea kutoka madrasa. Mtoto haulizi maji yametoka wapi. Anakunywa kwa sababu aliyempa ni baba yake au mama yake. Basi ikiwa ndani ya glasi ile yamo madhara, na aliyempa alikuwa na uwezo wa kuyaondoa akaghafilika, ni nani atakayeulizwa?

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, kwani si adabu kuwahimiza wengine kwa jambo ambalo mimi ndiye niliyeanguka ndani yake.

Nyumbani kwetu, hapa Dar es Salaam, tunatumia maji ya kisima kirefu yanayosukumwa kwa pampu hadi kwenye tangi la juu. Kwa miaka mingi mke wangu aliyachemsha maji ya kunywa kila jioni. Kisha nikanunua mtambo mdogo wa kusafisha maji kwa mionzi, ule unaofungwa chini ya sinki, wenye bomba la chuma kisichoshika kutu na taa ndefu ndani yake. Siku ulipofungwa tulifurahi. Sufuria kubwa likaondolewa jikoni, mkaa ukapungua, na kila mgeni aliyeingia tulimwonyesha ile nuru ya buluu inayochungulia kwenye kitundu chake. Mama yangu mzazi peke yake ndiye aliyetikisa kichwa. Alisema, "Mwanangu, moto naujua. Hiyo taa mtaijuaje kama imechoka?" Nikacheka, na kicheko kile najuta mpaka leo.

Mwaka mmoja ukapita. Usiku mmoja wa Ramadhani, watu wamelala wakisubiri daku, mtambo ukaanza kulia, mlio mfupi kila baada ya muda kidogo. Nikaenda jikoni, nikabonyeza kitufe na kukishikilia, mlio ukanyamaza. Nikatazama: taa bado inawaka. Nikasema moyoni, madhali inawaka hapana neno, nikarudi kulala. Sikujua kwamba mlio ule ulikuwa unaniambia taa imemaliza muda wake, na kwamba kwa kukishikilia kitufe nimekiamrisha kihesabio kianze upya siku 365, kana kwamba taa mpya imekwisha wekwa.

Miezi saba baadaye binti yetu, mwenye umri wa miaka tisa, akashikwa na homa isiyoshuka. Siku ya kumi, vipimo vya damu vilithibitisha homa ya matumbo. Daktari aliuliza swali moja la kwanza: "Mnakunywa maji gani?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba tunao mtambo. Akauliza la pili: "Taa yake ilibadilishwa lini?" Sikuwa na jibu.

Nilimwita fundi akaufungua mtambo mbele ya macho yangu. Mrija wa kioo unaoifunika taa ulikuwa umejaa utando wa rangi ya kutu, mnene kiasi cha kukwanguka kwa ukucha. Chujio lililotangulia mtambo lilikuwa jeusi. Tukapeleka maabara sampuli mbili za maji, moja iliyochotwa kabla ya mtambo na nyingine baada yake. Zote mbili zilikutwa na bakteria aina ya E. koli, ambao ni alama ya kuwa maji yameingiliwa na kinyesi. Maana yake ni kwamba maji yaliingia kwenye mtambo wetu yakiwa machafu, yakapita mbele ya ile nuru tuliyokuwa tukiwaonyesha wageni, yakatoka yakiwa machafu vilevile.

Sitaapa kwamba homa ile ilitokana na maji ya nyumbani. Mtoto hula na kunywa shuleni na njiani pia, na daktari mwenyewe hakuthubutu kuapa. Lakini baba hahitaji kiapo cha daktari ili ajue kuwa alizembea. Alhamdulillahi, kwa dawa na kwa idhini ya Allah binti yetu amepona. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyojifunza baada ya hapo, nami naona ni deni kuyafikisha.

Mionzi hiyo ni kitu gani?

Ndugu zangu, tukiutazama upinde wa mvua tunaona rangi zikianzia nyekundu na kuishia urujuani. Baada ya urujuani ipo mionzi ambayo macho yetu hayakuumbwa kuiona, nayo huitwa mionzi ya urujuanimno. Sehemu yake iliyo kali kwa vijidudu ndiyo inayotengenezwa ndani ya taa hizi, na taa nyingi za majumbani hutoa mionzi ya urefu wa wimbi wa nanomita 254. Ile nuru ya buluu tunayoiona si mionzi yenyewe inayofanya kazi. Ni mwanga mwingine tu unaoambatana nayo. Hapa ndipo nilipodanganyika mimi, na ndipo wengi wanapodanganyika.

Mionzi hii haifanyi kazi kama moto. Hupenya ndani ya kijidudu hadi kwenye DNA, yaani yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, na kuyafunganisha mahali pasipostahili kufungana. Kijidudu kikifikwa na hayo hakiwezi tena kuzaana, na kisichoweza kuzaana ndani ya mwili wa mwanadamu hakiwezi kumletea maradhi.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1877 wanasayansi wawili wa Uingereza, Downes na Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria wasikue. Mwaka 1910 mji wa Marseille nchini Ufaransa ulijaribu kusafisha maji ya kunywa kwa taa za aina hii. Baada ya kipindupindu kikali kuzuka India na Bangladesh mwaka 1992 na 1993, mwanasayansi mzaliwa wa India, Ashok Gadgil, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Berkeley, California, alibuni mtambo wa bei nafuu wa mionzi hii kwa ajili ya vijiji. Na ipo faida moja ambayo klorini haina: kipo kijidudu kiitwacho Kriptosporidiamu ambacho klorini ya kawaida hushindwa nacho. Mwaka 1993 kilipenya katika maji ya mji wa Milwaukee, Marekani, ambayo yalikuwa yametiwa klorini, na watu zaidi ya 400,000 wakaugua. Mionzi ya urujuanimno hukidhibiti kijidudu hicho hata kwa kipimo kidogo.

Kwa hiyo mtambo wenyewe hauna kosa, wala sisemi watu wautupe. Ninachosema ni kwamba neema hii ina masharti, na asiyeyatimiza masharti amebaki na pambo la jikoni.

Masharti ya mtambo

Sharti la kwanza ni taa kubadilishwa kwa wakati. Taa nyingi za aina hii zimetengenezwa kufanya kazi kwa saa 9,000 hivi. Mwaka wa kalenda ya kawaida una saa 8,760. Kwa kuwa taa huwaka usiku na mchana, mwaka ukiisha nayo nguvu yake imekwisha shuka chini ya kiwango, ijapokuwa bado inang'aa. Hapa nina pendekezo kwa familia za Kiislamu. Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355, ambazo ni saa 8,500 hivi. Tukijizoesha kubadili taa kila mwezi wa Shaabani tutakuwa daima ndani ya muda wake, na tutaupokea mwezi wa Ramadhani tukiwa na yakini na maji ya kufuturia. Kila unapobadili, andika tarehe kwenye daftari na kwenye mtambo wenyewe. Na kitufe cha kunyamazisha mlio kisibonyezwe kabla taa mpya haijaingia. Kihesabio cha mtambo wa kawaida huhesabu siku tu, hakipimi mionzi. Ukikidanganya, umejidanganya mwenyewe.

Sharti la pili ni usafi wa mrija wa kioo. Taa haigusani na maji. Huvikwa mrija wa kioo maalumu unaopitisha mionzi. Maji ya visima vyetu, hasa yenye chokaa na chuma, huacha utando juu ya mrija huo, na mionzi hubaki imefungiwa ndani. Kila baada ya miezi mitatu mrija utolewe na kusafishwa. Kwa hesabu yetu tunaweza kusema Shaabani, Mfungo Pili, Mfungo Tano na Mfungo Nane. Chomoa plagi ya umeme kwanza, funga maji, fungua bomba ili shinikizo litoke, ngoja taa ipoe, kisha itoe kwa kushika ncha zake. Mrija uoshwe kwa siki nyeupe au maji ya limau na kitambaa laini, usuuzwe na kukaushwa. Taa yenyewe isishikwe kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya mkono huacha doa juu ya kioo chake. Ikishikwa, ifutwe kwa spiriti. Na kamwe mtu asiiwashe taa ikiwa nje ya bomba lake wala asiitazame, kwa sababu mionzi inayoharibu seli ya bakteria huharibu pia jicho na ngozi ya mwanadamu.

Sharti la tatu ni chujio. Mionzi husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga mwingine wowote. Chembe ya udongo ndani ya maji ni kivuli, na nyuma ya kivuli kile kijidudu hupita salama. Kwa hiyo kabla ya mtambo pawe na chujio la maikroni 5, nalo libadilishwe kwa ratiba, si kwa kungoja maji yakatae kutoka. Kama maji ya kisima yana chuma kinachozidi miligramu 0.3 kwa lita, au ukakasi unaozidi miligramu 120 kwa lita, yatahitaji kushughulikiwa kwanza kwa njia nyingine. Ndiyo maana maji hupimwa kabla ya kununua mtambo, si baada ya mtoto kuugua.

Sharti la nne ni kununua mtambo unaostahiki kazi yake. Katika kiwango cha Marekani kinachotumika sana kwa mitambo hii, NSF/ANSI 55, yapo madaraja mawili. Daraja A hutoa kipimo cha milijuli 40 kwa kila sentimita ya mraba, nalo limekusudiwa maji yasiyo salama yenye vijidudu. Daraja B hutoa milijuli 16 tu, nalo ni nyongeza kwa maji ambayo tayari ni salama. Muuzaji anayemwuzia mwenye kisima mtambo wa Daraja B bila kumweleza tofauti hii amemficha mnunuzi aibu ya bidhaa, na sheria yetu ya biashara inajulikana katika jambo hilo. Vilevile kila mtambo una kiasi cha maji unachoweza kukipitisha kwa dakika moja. Ukifungua mabomba matatu kwa pamoja na kuyalazimisha maji yapite mbio, yatapita kabla mionzi haijayashika.

Umeme unapokatika

Ndugu msomaji, hapa kwetu hakuna haja ya kuelezana kukatika kwa umeme. Lakini wangapi wetu tumejiuliza kinachotokea kwa maji wakati huo? Tangi liko juu, maji yanashuka kwa uzito wake, na mtambo wa kawaida hauyazuii. Taa imezimika, bomba linatoa maji, nayo ni maji ya kisimani kama yalivyo. Mama anayekinga dumu la maji gizani hana namna ya kujua.

Ipo mitambo yenye koki ya umeme inayojifunga yenyewe taa ikizimika, na mwenye uwezo asikose kuiongeza. Asiyekuwa nayo aifanye kanuni ya nyumba kwamba umeme ukikatika, koki ya maji ya kunywa inafungwa na watu wote wanajulishwa, akiwemo msaidizi wa kazi na mtoto anayefikia bomba. Umeme ukirudi, taa ipewe dakika chache ishike nguvu, na maji yaliyokuwa yamesimama ndani yamwagwe kwenye ndoo ya kufulia. Kama maji yalichotwa umeme ukiwa umekatika, ujue kwamba mabomba yaliyo mbele ya mtambo yameingiwa na vijidudu, na taa haiwezi kuyafikia huko. Mabomba hayo yahitaji kutiwa klorini, kuachwa kwa saa kadhaa na kusuuzwa. Hivyo ndivyo inavyopasa kufanywa pia mtambo unapofungwa kwa mara ya kwanza na kila taa ikibadilishwa baada ya kuchelewa. Mpaka hapo, sufuria lirudi jikoni.

Hili latupeleka kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Klorini hubaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda. Mionzi haibaki. Maji yakishatoka kwenye mtambo hayana ulinzi wowote. Ukiyamimina kwenye ndoo iliyo wazi na watu wakachovya vikombe na mikono, kazi yote imebatilika. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha umma wake kufunika vyombo usiku, nasi tuliopewa mitambo ya kisasa tunaacha mtungi wazi mchana kutwa! Chombo kiwe na kifuniko na bomba lake, kisafishwe mara kwa mara, na kiwekwe mahali pasipo na jua, kwani baadhi ya bakteria waliojeruhiwa na mionzi huweza kujitengeneza upya wakipata mwanga.

Tahara na usalama

Huenda akatokea wa kuuliza: je, maji ambayo ni tahara kwa udhu si ndiyo yanayofaa kunywewa? Hapana budi tutofautishe. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamefundisha kwamba maji mengi yaliyofikia kipimo cha kulateni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni rehema kwetu, na udhu wako kwa maji hayo ni sahihi. Lakini bakteria wa homa ya matumbo na wa kipindupindu wanaweza kuwemo ndani ya maji bila kubadilisha hata moja kati ya hizo tatu. Hukumu ya tahara inajibu swali la ibada. Swali la tumbo la mtoto linajibiwa na maabara. Na kanuni mashuhuri ya fiqhi kwamba madhara huondolewa inatutaka tulijibu swali la pili kwa bidii ileile tunayolijibu la kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mwepesi kukumbuka: katika mililita 100 za maji ya kunywa pasipatikane E. koli hata mmoja. Tupime angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingine baada ya mvua kubwa, wakati visima vinapoingiliwa na maji ya vyoo.

Mwingine atasema: kuiacha taa ikiwaka saa 24 ni israfu. Tufanye hesabu. Taa ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana hutumia umeme usiofika uniti 1 ya LUKU. Kuchemsha lita 20 za maji kwa jiko la umeme hula si chini ya uniti 1 na robo tatu, na kwa mkaa gharama yake unaijua. Zaidi ya hayo, kuizima na kuiwasha taa kila mara hufupisha umri wake. Israfu ya kweli ni kulipia umeme wa taa iliyokwisha nguvu mwaka mzima, kama nilivyofanya mimi.

Wa tatu atasema: sisi tumetawakali. Naam, lakini ni nani asiyejua kisa cha mwenye ngamia aliyeelekezwa amfunge kwanza ndipo atawakali? Kubadili taa ndiko kumfunga ngamia.

Mipaka ya mtambo

Insafu yatutaka tuseme pia yale ambayo mtambo hauwezi. Hauondoi chumvi, na wakazi wa pwani wenye visima vya maji ya chumvi wasiuziwe kwa ahadi hiyo. Hauondoi floraidi, ambayo ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanaijua kwa madoa ya meno ya watoto wao na kwa mifupa iliyopinda. Hauondoi dawa za mashambani wala mafuta. Wapo pia virusi wachache walio wagumu, mfano adenovirusi, ambao huhitaji kipimo kikubwa zaidi ya kile cha mtambo wa nyumbani. Kwa mgonjwa aliyedhoofika kinga ya mwili na kwa mtoto mchanga, kuyachemsha maji baada ya mtambo ni hadhari isiyo na gharama kubwa.

Tena, taa nyingi hizi zina zebaki ndani yake, ingawa siku hizi ipo mitambo ya taa ndogo za LED zisizo na zebaki. Taa iliyokwisha isitupwe jalalani ambako watoto huokota vitu. Irudishwe kwa muuzaji au ihifadhiwe vizuri mpaka ipatikane njia. Ikivunjika, madirisha yafunguliwe, watoto watolewe, na vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu, si kwa mkono mtupu.

Na asiyekuwa na mtambo asihuzunike, kwani hajaachwa bila njia. Maji yaliyochemshwa mpaka yakatokota barabara ni salama. Klorini ya majumbani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, ni salama. Hata jua alilolitandaza Mwenyezi Mungu bila malipo linafanya kazi: maji maangavu yakitiwa kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, na kulazwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, vijidudu vyake hudhoofishwa kwa mionzi ya jua na joto lake. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam na kuenea mikoani hadi Zanzibar, sufuria la kuchemshia maji lilikuwa na thamani kuliko mtambo wowote uliosahauliwa. Maskini anayechemsha maji yake kila jioni amemlinda mwanawe kuliko tajiri mwenye taa iliyokufa.

Misikiti yetu na sadaka ya maji

Namalizia kwa jambo linaloihusu jamii nzima. Sote tunasimuliwa jinsi Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alivyokinunua kisima cha Ruma mjini Madina na kukifanya wakfu kwa Waislamu. Kwa kufuata mfano huo, wahisani wetu wanachimba visima misikitini na kufunga mitambo ya mionzi, na jina la mhisani au la marehemu wake huandikwa ukutani. Allah awalipe kheri. Lakini tuulizane kwa upole: nani amepewa jukumu la kubadili taa? Fungu la chujio liko wapi? Msikiti mmoja niliousali baada ya kisa changu, niliomba kuuona mtambo wao. Waya wake ulikuwa umechomolewa ili plagi itumike kwa kipaza sauti, na maji yalikuwa yakitiririka kama kawaida, wanafunzi wa madrasa wakikinga vikombe vyao. Hapakuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa.

Rai yangu ni hii. Anayetoa wakfu wa maji atoe pamoja nao taa tano za akiba, machujio yake na mtu wa kuyasimamia, au asubiri mpaka awe na uwezo huo. Kamati za misikiti ziandike jina la msimamizi mmoja na tarehe ya taa mahali ambapo kila anayekunywa ataiona. Na kwa ndugu wanaopenda sadaka ya siri, ipo nafasi kubwa hapa: taa mpya kila Shaabani kwa msikiti wa mtaani kwako. Haina bango wala picha, na ujira wake unaendelea kwa kila mtoto anayekunywa akarudi nyumbani na afya yake.

Ndugu zangu, leo mkirejea kutoka swala ya Ijumaa, kabla ya kukaa kitako kula, nendeni jikoni. Soma tarehe iliyoandikwa kwenye mtambo wako. Kama hakuna tarehe, jibu umekwisha kulipata, basi teleka sufuria la maji usiku huu huu na umwite fundi kesho. Na kama ndani ya nyumba yupo mama mzee anayetikisa kichwa, msimcheke. Mwulizeni anachokiona.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana, awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu na kila maradhi, na ayabariki maji yetu na riziki zetu. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.